Yenye Batu Banasema juu ya "Moshi ya Kabuta"

Lubumbashi, tarehe 14 Marsi 1971

Yaya Colette,

Nakusalimia, namusalimia mama na muguu yake, namusalimia shemeji Lackson na batoto bote, kutoka mukubwa mpaka ule mwenye siyamuona bado. Huku tuko bazima. Shangazi anakohoa asubuhi lakini anakula, na kama shangazi anakula ni kusema mambo iko muzuri. Mvua ilibomoa ukuta ya jikoni, tukaweka mabati.

Sasa niseme yenye inanifanya niandike. Disiki yetu ilitoka. Ile kubwa, nyimbo nane, ya kwanza ya orchestre yetu, Les Cinq Pagaies. Hakuna nyumba ya muziki yenye ilitutaka, basi tulijichapishia siye benyewe, na bengine kati yetu baliuza baiskeli. Miye naimba moya tu, ile ya tano, "Moshi ya Kabuta". Ile saba ingine ni Kafula, mupiga gitari yetu, njo anaimba.

Mama Matildah atapanda boti ku Kilwa wiki ijayo, avuke ziwa mpaka kwenu. Nilimupa moya, akaifunga mu chitenge. Shemeji iko na gramafoni mu baa yake. Naomba uipige pale, usikilize yenye batu banasema, uandike. Kila mutu na jina yake, na maneno yake sawa vile ilitoka mu kinywa. Usitie sukari. Zéphirin, shefu yetu, alituma kila mutu aombe ndugu yake vile vile: mumoya anaandika Likasi, mwingine Kolwezi. Barua zikifika atazisoma, halafu atachagua nyimbo moya ya kupiga tena mu disiki ndogo, ile yenye baa zote zinanunua. Ni yangu ao moya ya Kafula. Na alisema wazi: mwenye nyimbo yake itachaguliwa njo atasimama mbele. Mwingine ataitikia nyuma, ao arudie kwao.

Barua ya kwenu Nchelenge njo anangojea zaidi, juu nyimbo ni ya ziwa, na Kabuta iko pale karibu yenu. Yaya, niandikie mbio.

Mudogo yako,
Clémentine


Nchelenge, 2 Mei 1971

Clémentine, mudogo yangu,

Disiki ilifika. Mama Matildah alifika nayo akisema mukono inamuuma juu ya kuishika juu siku muzima mu boti, maji isiiguse. Unamuyua Matildah. Alikula kwetu siku tatu juu ya ile mukono.

Siye tuko. Muguu ya mama inavimba jioni. Mutoto mudogo ameota meno mbili, sasa anauma kila kintu, hata Biblia ya baba yake. Lackson ameongeza mabenchi mu baa. Betri za gramafoni zinaisha mbio sana mwezi huu, alituma mutu Mansa akanunue zingine.

Karatasi ya disiki ni muzuri. Umevaa nguo yenye siiyui. Nyuma nilisoma: "Moshi ya Kabuta. Maneno na sauti: Clémentine." Nilisoma mara mbili, halafu nikaenda kugeuza samaki.

Bon. Uliomba bila sukari, nakupa bila sukari.

Jairos, mwenye kambi ya bavuvi ku kisanga ya Chisenga, alisema huyu mwanamuke anaimba sawa mutu mwenye kiboko imemukalia juu ya nyavu. Chalwe, ule anauzaka samaki Kabuta, alisema kama moshi ya Kabuta ingekuwa ile, samaki zote zingeoza juu ya moto, na mwenye kuimba arudishwe shule. Chilufya, anapelekaka barua za kaunsili, aliuliza kama siafu zilikuwa zinakuuma wakati ya kuimba, juu pa kati sauti inaruka. Aliomba tuipige tena, eti asikie kama ni siafu moya ao ni mingi.

Sikuongeza neno, sikupunguza. Nyimbo za Kafula habakuzitukana.

Usikasirike na miye. Mwenye kutumwa habebe zambi.

Yaya yako,
Colette


Lubumbashi, 20 Juni 1971

Yaya,

Salamu kwa bote. Pole na meno ya mutoto. Umupakie chumvi kidogo pa fizi, shangazi njo anasema. Yeye sasa amepona kikohozi, ameanza kugombana na majirani tena, tumefurahi.

Barua yako Zéphirin aliisoma mbele ya bote, wakati ya repetisyo, tukizoeza nyimbo. Niliomba aisome peke yake, akakataa, akasema ya bengine aliisoma mbele ya batu na yangu itasomwa vile vile. Alipofika pa kiboko, Kafula alicheka mpaka akaweka gitari chini. Pa siafu bote balicheka. Miye vile vile nilicheka, juu kama singecheka ningelia, na pale hakuna mulango ya nyuma.

Ku Likasi banasifu nyimbo yangu. Ku Kolwezi banasifu. Mais Zéphirin anasema: "Kama batu ya ziwa benyewe habaitaki, nani ataitaka?" Ananipa mpaka mwisho ya Agosti. Alisema uandike tena, batu bengine, pengine bale ba kwanza balikuwa balevi.

Yaya, ni kweli hakuna hata mumoya mwenye aliipenda? Mwalimu? Batu ya kanisa? Na betri, kama habaitaki, juu ya nini zinaisha? Na mama alisema nini? Yaya hukuandika hata neno moya ya mama. Na weye? Yako sikuiona.

Juu ya ile karatasi ya nyuma, iko maneno nataka kukuambia, lakini si mu barua. Tutaonana na macho.

Clémentine


Nchelenge, 8 Agosti 1971

Clémentine,

Mama anakusalimia. Batoto banakusalimia. Lackson anasema ukikuya Krismasi atakupikia kambale mwenyewe, na yeye hapikake. Huku mupepo ni mingi, boti zinakaa siku mbili, tatu, habaendi. Betri ni juu ya Lackson kusikiliza habari ya mupira. Mwalimu alihamia Mansa. Batu ya kanisa habaingii mu baa, weye unayua.

Jairos alirudi. Alileta batu sita ya Chisenga mu boti yake, akabaambia mbele yangu: muingie, musikie mutu mwenye aliua nyimbo. Balikaa mpaka baa ilifungwa. Chalwe alisema amesamehe zambi zote za bwana yake, juu ameona kuna mutu mubaya kumupita. Ni ile tu.

Uliuliza yangu. Nitakuambia, na hii Zéphirin anaweza kuisoma na sauti kubwa.

Ile nyimbo unaiimba mbio. Moshi haikimbie. Mutu anakaa pembeni ya moto, machozi inatoka, anageuza samaki, anakaa tena. Ni vile inaimbwa. Pa kati uliongeza maneno juu ya boti yenye inapita na haisimame. Nani alikuambia uongeze? Boti haikuwamo. Weye haujageuza samaki tangu shangazi alikuchukua, ulikuwa na miaka tisa. Unaimba moshi na mikono yenye inanuka sabuni. Miye nanuka moshi mpaka leo, nikiketi ku kanisa batu banasogea kidogo, kwa adabu.

Na pa soko habaniite tena na jina ya mutoto yangu, Mama Nkonde. Hata batoto ya shule: "Ule njo yaya ya mwenye kuimba." Mwanamuke mumoya kutoka Kabuta alinisimamisha pa njia, akaangalia uso yangu muda murefu, akasema tunafanana, lakini weye ulinipita. Miye niliwaza: ulinipita na nini? Nilikuwa na dishi ya samaki ku kichwa, sikuweza hata kuinamisha shingo.

Bon. Niliandika mingi. Mutoto analia.

Colette


Lubumbashi, 15 Septemba 1971

Yaya Colette,

Tuko bazima, na nyinyi muwe bazima.

Zéphirin alichagua Kafula. Barua yako ilifika tarehe 29 Agosti, aliisoma, aliikunja, akanirudishia. Disiki ndogo itapigwa mu Oktoba. Aliniambia nibakie kuitikia nyuma. Nilisimama nyuma siku mbili. Siku ya tatu sauti ilikataa kutoka, hata ya kuitikia, basi nilimurudishia nguo ya orchestre.

Sasa nauza chitenge na shangazi ku soko. Bateja habapendi muuzaji mwenye kunyamaza, lakini nitazoea.

Usijisumbue juu yangu. Uliandika yenye batu balisema. Miye njo niliomba.

Clémentine


Nchelenge, 24 Oktoba 1971

Mudogo yangu,

Mukono mutupu haulambwe: mwenye kuleta hii barua iko na kapu ya chisense, bale samaki badogo, ya kukauka muzuri, niliichagua miye mwenyewe ku Chisenga. Mupike na nyanya mingi. Ya chini ni ya shangazi.

Mama anauliza juu ya nini hauandike. Nilimuambia uko na kazi mingi. Mutoto anatembea. Mvua ya kwanza ilikuya jana.

Soko si mubaya. Mutu anaona batu, anacheka. Muziki ni kazi ya kupita tu, bengi baliianza na bakaiacha.

Nilitaka kuandika ingine, mais karatasi imeisha.

Colette


Lubumbashi, Zaïre, 5 Desemba 1971

Yaya Colette,

Inchi yetu ilibadilisha jina, utaona pale juu. Shangazi anakushukuru kwa chisense. Amekula yake na nusu ya yangu.

Nilipata mugeni. Jairos wa Chisenga. Alileta samaki Lubumbashi na kamiyo, akauliza soko muzima nyumba ya shangazi iko wapi mpaka akaipata. Sikumuyua. Alisimama pa mulango na kofia mu mukono, akasema: "Njo weye mwenye kuharibu masikio ya inchi muzima?"

Yaya, nililia. Mbele ya mutu mugeni, na chitenge za kuuza ku bega. Mwanaume alishituka, akasema aliacha samaki yake kwenye jua juu ya kuniona, sasa nalia nini? Shangazi alitoka ndani. Hakumufukuza. Alimuuliza mukowa yake ni gani. Akasema: Bena Mfula, batu ya mvua. Shangazi akacheka mpaka akakaa chini, akaniambia: "Mama yako ni wa Bena Mumba, udongo, na weye vile vile. Mvua na udongo ni batani tangu babu ya babu. Huyu mutu anakupenda, mujinga weye. Angalikuchukia angalikusalimia na heshima."

Nilichukuliwa nikiwa na miaka tisa. Nayua kama tuko na batani, lakini siyui ni nani na nani. Jairos alinifundisha pale pale. Mutani akipenda kintu yako anaitukana. Akiichukia ananyamaza. Na Chalwe? Mfula. Na Chilufya ya kaunsili? Mfula, mutoto ya dada ya Jairos mwenyewe. Mu Nchelenge muzima, na batu yote ya boti na soko na kaunsili, uliandika maneno ya batani tu, na mukowa yao haukuiandika.

Alinieleza ingine. Baa inajaa. Batu banaomba ile ya tano, halafu tena ile ya tano, mpaka betri zinakufa. Kuna siku unafungia disiki mu sanduku, unabaambia imepasuka, na Lackson anakuomba ufunguo. Mama anakaa pa mulango ya baa kila jioni, mwanamuke mwenye hakunywa pombe tangu kuzaliwa.

Sasa nikuambie yenye nilikataa kuandika mu Juni.

Nyimbo ni yako. Nilikuwa na miaka nane, nilikuwa nakuletea kuni, na ulikuwa unaitunga pale pale, neno moya leo, neno moya kesho. Wakati ya kuandika karatasi ya disiki Zéphirin aliuliza nani aliitunga. Bote baliniangalia, nikasema miye. Neno ikitoka hairudi. Nilikaa nayo wiki mbili, nikakonda. Mbele ya kukuandikia barua ya kwanza nilimuambia kweli. Alikasirika, akanitukana, halafu akasema: kama batu ya ziwa banaipenda, disiki ndogo itakuwa ile, tutaandika jina ya yaya yako, na tutamuleta aiimbe pamoya na weye, sauti mbili. Njo maana alingojea barua yako kupita zote. Lackson alikuwa anayua, nilimuandikia, akakubali. Njo juu ya ile aliongeza mabenchi, alitaka siku ya kurudi uimbie pale kwenu.

Sikukuambia juu nilisikia haya. Nilitaka ushuke mu kamiyo, uone jina yako, na nisiombe musamaha kwa mudomo.

Disiki ya Kafula imeshatoka. Zéphirin hataki tena kusikia neno "Nchelenge". Niko na kasirani juu yako, na niko na kasirani juu yangu, siyui gani njo kubwa.

Usitume samaki.

Clémentine


Nchelenge, 30 Januari 1972

Clémentine,

Mama iko muzima. Batoto bako bazima. Lackson hasemi na miye tangu Noeli, lakini anakula.

Barua yako niliisoma nimesimama, halafu nikaenda nayo nyuma ya nyumba, nikaisoma tena nimekaa. Ni wiki tano. Kila siku nilikamata kalamu nikaanza na salamu, salamu ikiisha hakuna kintu.

Wivu. Nimeiandika sasa. Mu barua zote nilizunguka ile neno.

Siku ya kwanza Lackson aliipiga, mama alilia. Alikamata mukono yangu, akasema: "Colette, Clémentine iko na sauti." Miye niliimba mbele ya mama miaka yote ya kukauka samaki, ile nyimbo yenyewe, pembeni yake. Hakulia hata siku moya. Alikuwa anasema: ongeza kuni. Ile usiku sikulala, asubuhi nikakamata kalamu. Sikuandika uongo, njo ilikuwa rahisi. Jairos alisema kiboko, nikaandika kiboko. Niliyua ulitoka mudogo, niliyua hautayua nani ni mutani. Nilikuwa nacheka peke yangu nikiandika. Unisikie muzuri: nilicheka.

Jina ku karatasi iliniuma, ni kweli, mais usijifiche mu ile. Hata kama ungaliandika yangu kwa herufi za dahabu, sauti ilikuwa yako, na mama angalilia kwa yako. Siku ya ndoa Lackson alisema bibi yake haimbe mbele ya balevi. Sikumukatalia. Nilifikiri nyimbo itaningojea sawa mbwa pa mulango, siku moya nitamufungulia. Halafu niliisikia inatoka mu gramafoni, inakimbia, inacheka, haina hata haja na miye.

Nilimuandikia Zéphirin vile vile, karatasi mbili, kila mutu na mukowa yake, na kila kintu yenye nilifanya. Nayua imechelewa. Nilimuambia kama anataka kusoma mbele ya bote, asome.

Mama nilimuambia Jumapili. Nilifikiri atanipiga. Alimaliza kupakia dawa ku muguu yake, halafu akasema: "Basi imba. Nisikie yako."

Nilianza. Niliianza polepole, sawa zamani, kwa moto. Nikafika pa kati, na boti ikapita. Ile yako, boti yenye haisimame. Nikanyamaza. Nikaanza tena kutoka mwanzo, na mbio ikaniingia, na boti ikarudi. Mara tatu, Clémentine. Nilitafuta vile ilikuwaka mbele ya disiki, na pale pa kati siikute tena. Mama alipiga makofi. Alisema ni muzuri, inafanana sana na ya gramafoni.

Hakuna mutu mwingine mwenye alikuwa pale wakati niliitunga, ni weye na kuni zako tu. Kama unaikumbuka vile nilikuwa naiimba, uniandikie.

Colette